Mlakasa wa Kaburi la Mama

Fundi alichota sepetu la kwanza, akaonja mchanga kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Nyanya," akasema, "hapa umeuziwa bahari."

Nilikuwa barazani nikimsimamia, maana fundi asiyesimamiwa hukupakia ukuta uji na bado ukamshukuru. Mchanga aliuagiza mjukuu wangu Salma kwa simu. Ulikuja asubuhi kwa mkokoteni kutoka upande wa Makadara, ukamwagwa mlangoni kwetu ukaziba kichochoro kizima, na majirani wakawa wanapita ubavuubavu huku wakinitukana kwa adabu. "Hongera kwa ujenzi, bibi, sisi tutaruka." Fundi akaeleza kuwa mchanga wa ufuoni una chumvi, plasta itabanduka kabla Ramadhani haijaingia. Nikasema basi urudishwe kwa mwenyewe, na mwenyewe arudishwe chuoni akafunzwe haya.

Akatia sepetu mara ya pili. Likatoka na kamba ya kijani, urefu wake kama mkono wangu, ina majani mawili mazima, manene, yaliyopasuka katikati mfano wa kwato za mbuzi. Alipoinua mkono aitupe mtaroni nilipiga ukelele mpaka akaangusha sepetu.

"Wacha! Usitupe!"

"Nyanya, hii ni kwekwe."

"Kwekwe ni weye. Nipe hapa."

Nikaivunja ncha. Likatoka tone la utomvu mweupe, nikalinusa, na hapo sikuwa tena barazani. Harufu yake ni ya maziwa mabichi na mchanga uliopigwa na jua. Sijui wenzangu wa rika langu kama mwaukumbuka mlakasa, ule mtambaa wa ufuoni wenye maua ya zambarau yaliyofunguka kama tarumbeta, unaokimbia juu ya mchanga mkavu pale ambapo hata nyasi zimekata tamaa. Wengi wenu mliukanyaga tu mkienda kuogelea. Mie niliuvaa kiunoni, nikaenda nao mahali ambapo mtoto wa kike hakutakiwa kutia mguu. Na nilifanya hivyo kwa ajili ya mama.

Lakini mambo yalianza kwenye mrashi.

Bi Rukia alikuwa jirani yetu wa mbele. Dirisha lake na letu yalitazamana, na kichochoro kilikuwa chembamba hivi kwamba mama aliweza kumpitishia kikombe cha kahawa bila kushuka ngazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, na mrashi wake ulikuwa maarufu mtaa mzima. Ulikuwa wa kioo cha buluu, na shingo nyembamba kama chanda cha mtoto, na mdomo wa fedha wenye vitundu vidogo vidogo. Aliachiwa na mamake. Hakuna arusi iliyofanywa kichochoroni kwetu bila mrashi ule kuazimwa ili wageni wanyunyiziwe marashi.

Mie nilikuwa mtoto wa kutaka kujua. Nilimkata mjusi mkia nione kama utaota tena. Nilitia sikio kwenye tumbo la paka mwenye mimba. Na kwa mrashi nilitaka kujua jambo moja tu: marashi yapita vipi kwenye shingo nyembamba hivyo, na kwa nini ukiuinamisha hayamwagiki yote? Basi siku moja Bi Rukia alikuwa akifua kiwandani, yaani uani kwake, nikaingia kimyakimya, nikauteremsha kutoka kwenye rafu, nikakaa nao chini, nikaushika ule mdomo wa fedha nikauzungusha. Ukakatika shingo. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyevunja njugu kwa meno.

Nilivisimamisha vile vipande viwili pale pale, kimoja juu ya kingine, kana kwamba vingeungana vikiachwa peke yao, nikakimbia nyumbani. Chanda kilikuwa kikitoka damu. Mama alikuwa akinifunga kitambaa, hajanambia neno, tukasikia viatu vya Bi Rukia kwenye ngazi.

"Esha! Mwanao kanivunjia mrashi wa mamangu!"

Mama akanivuta, akaufunika mkono wangu kwa upande wa leso yake. "Mwanangu hakutoka leo."

"Hakutoka? Nani basi, shetani? Nani mwengine mtaa huu mwenye vidole vya kudokoa?"

"Hakutoka, Rukia."

"Apa."

Nilihisi mkono wa mama ukiubana mkono wangu ndani ya leso. "Wallahi," akasema, "hakutoka."

Bi Rukia akageuka akashuka, na siku ile dirisha lake lilifungwa. Mama hakunipiga wala hakuniteta. Alifunga kitambaa vizuri, akaniambia niende nikacheze. Ningependelea kupigwa.

Kesho yake mama hakunywa chai. Khalati Zuhura, mdogo wake mama, aliyekuwa akikaa nasi, alikaanga kaimati mchana, akaweka shira, na mama alikuwa mgonjwa wa kaimati, angeziota usingizini. Nikamletea kisahani. Akasema, "Niwekee, mwanangu." Kesho yake tena, "Niwekee." Siku ya tatu, "Niwekee." Nilifikiri amenikasirikia, na mimi nikashikwa na hasira zangu. Nikachukua kile kisahani, nikakaa mbele yake, nikazila moja moja, polepole, nikilamba vidole kwa kelele ili nimtie hamu. Mama alinitazama, akaziba mdomo kwa leso, akacheka.

Wiki haikupita akashikwa na homa. Siku nne. Siku ya tano nyumba ilijaa wanawake, na mimi nikapitishwa kutoka paja hadi paja kama mtoto asiyekuwa wa mtu.

Nawaomba wenzangu mfikirie kichwa cha mtoto ambaye hajang'oa hata meno ya mbele. Baba alikuwa kazini melini, habari ilimfikia baadaye. Hakuna aliyenieleza kitu. Nikajieleza mwenyewe. Mama aliapa uongo. Kiapo kikamkwama kooni. Ndiyo maana chakula hakikupita, nilikiona kwa mato yangu, siku tatu kisahani hiki hapa na hakipiti. Kisha koo likapata moto, moto ukaenea mwilini, akafa. Na aliyesababisha kiapo ni mimi. Nililiweka jambo lile ndani yangu kama mtu aliyemeza jiwe. Ningemwambia nani? Nikimwambia Khalati, nimemtangaza mama kuwa mwongo, naye hata arobaini yake haijasomwa.

Siku ya maziko wanawake walibaki nyumbani, kama desturi yetu. Mie niliponyoka. Nilifuata jeneza kwa mbali mpaka makaburini, nikapanda pale ambapo ukuta ulikuwa umebomoka, nikalala kifudifudi juu yake. Nikaona wanapomteremsha: kando ya kaburi kuukuu lenye bakuli la china lililopachikwa kwenye ukuta wake. Walipomaliza kufukia, mtu mmoja akachoma kuti bichi la mnazi upande wa kichwani. Nikajiuliza la nini.

Jibu nililipata chuoni, tulikosomea Kurani. Mwalimu alitusomesha kuwa jani bichi humsabihi Mola, na kwamba jani likiwekwa juu ya kaburi, aliyelala chini hutarajiwa kupata nafuu maadamu halijakauka. Wenzangu walikuwa wakichomana kalamu. Mie nilikaa wima kama mshumaa. Maadamu halijakauka! Nilipotoka chuoni sikwenda nyumbani, nilikimbia ukutani. Kuti la mama lilikuwa limekuwa rangi ya ufagio.

Basi nikapata kazi, na kazi ile niliifanya kwa bidii ambayo shule haikuwahi kuiona kwangu. Nilitafuta jani lisilokauka.

Juu ya dari yetu ya saruji, tulipokuwa tukianikia nguo, nyuma ya mtungi wa maji, nilipanga majani yangu mstari mmoja. Mrehani, kwa kuwa una harufu nzuri na nilidhani Mola angeupenda zaidi. Mrehani ulikufa kabla ya alasiri, ukanuka vibaya. Asumini iligeuka kahawia siku ile ile, mbaya zaidi. Mwarobaini, siku mbili. Mkadi niliuiba kwenye nywele za Khalati, ukavumilia siku tatu, na mie nikapigwa kwa wizi. Kuti, siku nne. Kila moja nililiwekea alama ya mkaa ukutani, mstari mmoja kwa siku moja, na kila asubuhi nilipanda kuyabonyeza kwa chanda, kama daktari. Khalati alipopanda kuanika nguo aliniuliza, "Wacheza nini huku peke yako?" Nikamwambia nacheza duka. Akasema, "Duka gani hili la takataka?"

Mtu aliyenipa jibu hakujua kuwa amenipa. Alikuwa Mama Kadzo, mama wa Kigiriama aliyevuka kila asubuhi kutoka bara, kwa lile daraja la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, akipita vichochoroni na kapu kichwani, "Mbogaa! Mchicha, mnavu, kisamvu!" Mafungu yake aliyafunga kwa ukindu. Siku moja ukindu ulimwishia, akafunga mchicha wetu kwa kamba ya kijani. Khalati akaifungua, akaitupa juu ya dari pamoja na mashina, kwa ajili ya mbuzi wa jirani aliyezoea kuvukia kwetu kutoka dari yao. Mbuzi hakuja. Ile kamba ikaangukia kando ya mtungi.

Siku ya kwanza sikuiangalia. Ya pili niliona mashina ya mchicha yamenyauka na kamba bado kijani. Ya tatu niliihamishia kwenye mstari wangu. Ya tano nikaanza kuiamkia. Siku ya saba, wenzangu, siku ya saba niliinua nikaona kwenye vifundo vyake vitu vyeupe vimechomoza, vidogo, vyenye ncha, mfano wa meno ya mtoto mchanga yanapovunja ufizi. Haikuwa imekauka, na isitoshe ilikuwa ikiota, juu ya saruji, bila udongo! Niliziba mdomo kwa mikono miwili.

Asubuhi nikamvizia Mama Kadzo mlangoni.

"Ile kamba uliyofungia mchicha n'nini?"

"Ee? Yule ni mlakasa. Kwani mmekula?"

"Nataka mwengine. Mrefu."

"Wa nini, mwanangu? Hata mbuzi wetu hawautaki sana."

"Wa kupanda."

Mama Kadzo akatua kapu kwa ajili ya kucheka vizuri. "Mtoto wa mjini! Hapandi mtu mlakasa. Mlakasa wajipanda. Jua laupiga, mchanga waufukia, mawimbi yaja yaukata, nao yuwaenda tu. Kwetu ukiumwa na konyeza majini, watafuniwa jani lake ukabandikwa. Wewe kakuuma nani?"

"Hakuna."

Akanitazama, akanitazama tena. Alijua kuwa nimefiwa, mtaa mzima ulijua. Kesho yake aliniletea mtambaa mzima umekunjwa kama kamba ya ngazi, una majani yake, na ua moja lililojifunga. Hakuuliza tena.

Nitaubebaje mpaka makaburini? Nikauzungusha kiunoni chini ya gauni, raundi nne, nikatoka kama ninaenda chuoni. Utomvu ulininata tumboni, majani yalinitekenya, na kila hatua nililia *kwachakwacha* kama bata aliyevaa viatu. Barazani Bi Rukia alikuwa amekaa na tambuu yake. Tangu siku ya mrashi nilikuwa nikipita kwake mbio, kichwa chini.

"Weye mtoto," akaita. "Mbona umenenepa ghafla?"

"Nimeshiba, Bi Rukia."

"Umeshiba asubuhi hii?"

Nikakimbia. Kwenye ukuta uliobomoka nilisimama kwanza. Nilijua wanawake hawaingii. Nilijua pia kwamba ndani kulikuwa na Mzee Kombo, mchimba makaburi, mtu mfupi mwenye matusi marefu. Lakini nilimfikiria mama na lile kuti kama ufagio, nikaruka. Nikachimba kwa mikono kando ya kaburi. Ardhi pale ilikuwa nusu mchanga, laini, ilikubali. Nikavifukia vifundo kimoja kimoja, nikavimwagia maji niliyochota birikani msikitini kwa kopo, nikasema, "Haya, sabihi."

Nilirudi mchana nikitoka chuoni. Lile ua moja, lililokuwa limefunguka asubuhi likiwa zambarau tupu, sasa limejikunja limelegea kama kitambaa kilicholowa. Nimechelewa kulimwagia maji, limekufa, mama yuko taabuni tena. Sikulala vizuri. Asubuhi nikakimbia, na ua liko wazi! Liko wazi, linatazama juu, na mdudu ndani. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ua halifi, hufumba mato jua likiwa kali kisha likaamka. Mama naye alikuwa na desturi ya kujinyoosha adhuhuri. Nilicheka peke yangu pale makaburini. Miaka mingi baadaye Salma, ambaye amesoma mpaka vitabu vyenyewe vimechoka, alinambia kuwa ua la mlakasa huishi siku moja tu, na ninaloliona kesho ni jengine. Nikamwambia ahsante, lakini angenyamaza.

Mlakasa ulilipenda kaburi la mama. Mvua za masika zilipopiga, ulienda kama mtu aliyesikia karamu. Ukalifunika kaburi lote. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kuhesabu majani, na kila siku hesabu ilinishinda, na nilivyozidi kushindwa ndivyo moyo wangu ulivyokuwa mwepesi. Mamia ya majani, yote yakisabihi. Nilianza kula vizuri. Nilianza hata kupita mbele ya Bi Rukia kwa mwendo wa kawaida. Halafu mlakasa ukamfunika jirani wa kulia. Ukapanda kaburi lenye bakuli la china. Ukavuka ndia ya kupitia jeneza.

Alasiri moja nilikuwa kiwandani nikichambua mchele. Bi Rukia alikuja kwa Khalati kuazima kinu. Wao wawili walikuwa wakisemezana vizuri. Mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Hodi! Mwenye mtoto yuko?"

Alikuwa Mzee Kombo. Alisimama kizingitini, hakuingia, akaning'inia pale na suruali yake ya udongo.

"Nimemuona leo," akasema, "huyu huyu, karuka ukuta kama komba. Siku nyingi nauliza nani kaleta shetani la majani makaburini. Watu wanakuja kuzuru hawajui wanamsomea nani! Juzi mtu kamsomea Yasini mtu asiyemjua, kalia mpaka kalowa, akaambiwa siye. Mimi kesho nang'oa yote. Natia jembe, nachoma moto. Nimekuja kuwaambia mumfunge kamba."

Sinia la mchele liliniponyoka. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kuwa nilikuwa nimeishika suruali ya Mzee Kombo kwa mikono miwili, napiga kelele.

"Usiung'oe! Ukiung'oa mama atateswa! Ni kwa sababu ya mrashi! Ni mie niliyevunja, mama kaniapia, kiapo kikamkwama, hakula siku tatu, akafa! Usiung'oe, Mzee Kombo, nipige mie!"

Nilisikia punje za mchele zikiendelea kuviringika kwenye sakafu. Nimeshasema. Nimemtangaza mama mbele ya yule yule aliyemwapia. Nilifumba mato, nikingoja.

Sauti ya Bi Rukia, ile ya kuuza samaki, ikatoka ndogo.

"Nani kakwambia hakula siku tatu?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nilimpelekea kaimati. Kila siku asema niwekee. Hazipiti kooni."

Bi Rukia akakaa chini, mwili wote ule, palepale juu ya mchele. Akanivuta. "Sikiliza, mwanangu. Fungua mato unitazame. Kesho yake, siku ya pili ya mrashi, mamako alikuja kwangu alfajiri, hata mswala sijakunja. Akalia. Akanambia, 'Rukia, jana nimeapa uongo. Mtoto ndiye aliyevunja, nilimuona na damu, nikaogopa utampiga. Nisamehe.' Nikamsamehe. Wallahi nilimsamehe, na mimi siapi uongo, na mrashi wenyewe siku nyingi ulikuwa na ufa. Kisha akafunga."

"Akafunga nini?"

"Saumu, mtoto! Alifunga siku tatu, kafara ya kiapo chake. Jua likitua akivuka kuja kufuturu kwangu, hapo kwenye jamvi langu, kwa kuwa hakutaka uulize. Wajijua ulivyo na maswali. Alisema atakwambia mwenyewe ukikua kidogo. Akaniapisha nisikutie haya."

Khalati Zuhura alikuwa ameegemea nguzo, leso mdomoni. "Ndiyo maana kaimati zangu zilikuwa zikivuka kichochoro," akasema.

"Zote zilivuka," Bi Rukia akasema, "ila za siku ya tatu." Akanishika kidevu. "Za siku ya tatu nani alizila?"

Nikavificha vidole nyuma ya mgongo.

"Mbele yake?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. "Polepole," nikasema. "Nikalamba na vidole."

Bi Rukia akaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa akilia, lakini chini ya kilio kulikuwa na kicheko kinachomshinda. "Alinambia! Alinambia jioni ile, hata tende hajameza: 'Rukia, leo mwanangu kanitia kwenye majaribu makubwa. Kanikalia mbele, kanilia kaimati puani, nami mate yananitoka, na sikuweza kumkasirikia, maana alikuwa yuwajitahidi!' Alicheka mpaka akapaliwa na maji. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mwanangu. Alikuwa yuwacheka."

Nakwambieni, lile jiwe nililolimeza lilitoka siku ile, na lilitoka kwa kelele. Nililia mpaka Mzee Kombo, ambaye suruali yake ilikuwa bado mkononi mwangu, akasema kwa uchungu, "Jamani, basi mimi nifanyeje?" Bi Rukia akamwambia aache kusimama kama mlingoti, aende akaukate mlakasa kwenye makaburi ya watu na kaburi la Esha aliache. "Kila wiki nikate?" "Kila wiki." "Mimi mchimba kaburi, Rukia, si kinyozi." "Tangu leo u kinyozi." Akaenda akilaani. Lakini alikata, mwaka baada ya mwaka, akilizungukia kaburi la mama kwa panga kama anayemzungushia mtoto nywele masikioni, na kila nilipokutana naye ndiani alinambia, "Rafikiyo kanisumbua tena."

Salma alikuwa ametoka mbio kwa ule ukelele wangu, nikamsimulia haya yote pale barazani, fundi akiwa ameegemea sepetu lake, kazi imesimama, na sikumkemea. Salma akafikiri, kisha akauliza swali lake la mtu aliyesoma. "Sasa nyanya, kama alikwisha samehewa na akafunga, mlakasa ulikuwa wa nini tena? Mbona hukuwacha ung'olewe?"

Nikamwambia, kalete maji.

Nikalichukua karai la fundi, nikalijaza ule mchanga wa bahari, maana kwa ukuta haufai lakini kwa mlakasa ndio wenyewe. Nikavifukia vifundo, chanda changu bado kina alama nyeupe ya kioo cha buluu, nikaumwagia maji. Fundi akasema, "Nyanya, na karai langu?" Nikamwambia anunue jengine.

Siku ya tatu nilifukua kidogo kwa ncha ya kijiko. Vijimeno vyeupe vilikuwa vimeshachomoza. Nikamwita Salma aje aone, akainama mpaka pua ikagusa mchanga, na kwa mara ya kwanza mtoto yule hakuwa na la kunifundisha. Nikamwachia karai alishike. Nikaenda jikoni kuumua unga wa kaimati.